Pokea Mzigo, Weka Saini

Maneno manne ndiyo yaliyompa Restuta jina Tunduma nzima: Pokea mzigo, weka saini!

Aliyatunga mwaka juzi bila kufikiri, akiwa ndani ya kibanda chake cha plaiwudi kando ya skrini, kipaza sauti mkononi. Filamu ilikuwa ya Kikorea. Kazi yake ilikuwa kuigeuza kwa Kiswahili palepale inapokwenda, sauti zote yeye: baba yeye, bibi yeye, polisi yeye. Pakafika mahali mume mlevi anamzaba mkewe makofi mawili, na mwanamke hasemi kitu. Restuta hakupenda kimya. Kimya kwake kilikuwa sawa na kushindwa kazi. Basi akachomoa maneno ya mpakani, ya malori na karatasi za forodha, akayabandika juu ya makofi yale. Kofi la kwanza, "Pokea mzigo!" Kofi la pili, "Weka saini!"

Banda lote la video lilivunjika mbavu. Wapagazi walipiga mabenchi kwa viganja. Dereva mmoja wa lori alicheka mpaka akatoka nje kukohoa. Tangu siku hiyo kila mwanamke aliyepigwa kwenye filamu, awe Mhindi, Mturuki au Mnaijeria, alipokea mzigo na kuweka saini, na watazamaji wakawa wanaitikia kwa pamoja kama waumini. Ukipita stendi uliyasikia maneno hayo. Ng'ambo, Nakonde, Wazambia wasiojua Kiswahili cha kuombea maji waliyajua hayo manne.

Banda lilikuwa la Nyanzobe, mwanamke mpana wa Kisukuma aliyepanda kutoka Kamsamba na fedha za mpunga wa misimu mitatu, akanunua projekta, spika mbili na mabati. Watu walimwita Mama Ngusa, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye alikaa mlangoni na komeo la chuma mapajani. Restuta alikaa kibandani, nyuma ya pazia la gunia, asionekane. Mbele yake kompyuta ilicheza filamu na wakati huohuo ikarekodi sauti yake, taa ndogo nyekundu ikiwaka, kwa maana filamu ikishatafsiriwa nakala zake zilikwenda Mlowo, Vwawa na kila banda lililokuwa na watu wa kukaa.

Kabla ya kila filamu alitoka mbele ya skrini kuipima, na wengi walikuja kwa ajili ya hilo tu.

"Hii ya leo ni ya Kihindi," angesema. "Shujaa atapigwa risasi nne, kisha ataimba beti sita. Mwenye basi la saa kumi aondoke sasa hivi."

Au: "Hii ni ya Kimarekani. Yatakufa magari mengi kuliko watu, na hakuna atakayeyazika."

Mabenchi nayo yalijibu. Kulikuwa na wanaodai Wachina wamechoka kuruka, warudi chini wapigane kiume. Waliolalamika kwamba Wanaijeria wanapiga kelele tangu jina la filamu. Waliowatetea Wakorea kwa kuwa wanajua kula na kulia kwa pamoja. Na juu ya sauti zote ilisikika ya Clement, benchi la mbele, viatu vinang'aa, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani. Alikuwa pia mume wa Mercy, mdogo wake Restuta, tumbo moja.

"Shemeji," Clement alipenda kusema, akigeuka ili wote wamsikie, "filamu isiyo na ngumi mimi naiita mahubiri. Na mahubiri nimeshayasikia asubuhi."

Watu walicheka. Restuta naye alicheka. Alimpenda shemeji yake kwa ulimi ule. Yeye mwenyewe alikuwa na stashahada ya uandishi wa habari na ulimi usiolala, na alidhani mtu anayejua kusema vizuri hawezi kuwa mbaya moja kwa moja.

Zilikuwapo filamu nyingine ambazo hakuwahi kuzionyesha. Alikuwa akiletewa na Ambwene, dereva wa malori ya Lusaka, kwenye flashi: filamu za watu wasio na kampuni, wanaopiga picha kwa kamera moja na ndugu zao wenyewe, kutoka nchi ambazo Restuta alizitafuta kwanza kwenye ramani. Hazina muziki. Kamera inakaa pembeni kama mgeni aliyenyimwa kiti. Mwanamke anamenya kitunguu dakika tatu. Restuta alizitazama peke yake, akazifungia ndani ya kopo la kahawa. "Nzuri," alimwambia Ambwene, "lakini ukizionyesha hapa mtaani Majengo watang'oa mabenchi."

*

Jumatano asubuhi Mercy alishuka kwenye bajaji mbele ya chumba cha Restuta, khanga imemzunguka kichwa kama mgonjwa wa jino. Alipoifungua, upande wa kushoto wa uso haukuwa uso. Ulikuwa umevimba ukang'aa, jicho limezama, na taya limekaa mahali ambapo taya halikai.

Hospitali walimfunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Daktari aliuliza nini kilitokea, na Mercy akaandika kwenye karatasi: niliteleza bafuni. Restuta aliisoma karatasi ile, akamrudisha mdogo wake nyumbani, ndipo akauliza.

"Clement?"

Mercy alitikisa kichwa kukubali. Aliongea kupitia meno yaliyofungwa, sauti ikitoka nyembamba, mate yakimchuruzika. "Nilikuwa nakaanga dagaa. Akasema nimechelewa. Jana, Jumanne. Ngumi ya kwanza nilidhani ni kabati limeniangukia."

"Nitamuua," alisema Restuta.

"Subiri. Sijamaliza." Mercy alifuta mdomo kwa ncha ya khanga. "Anapopiga anasema maneno yako, dada. Pokea mzigo. Weka saini. Kila siku anasema. Zamani alikuwa anasema huku anacheka, na mimi nilikuwa nacheka kidogo ili aache haraka."

Restuta alikwenda nje akashika ukuta. Hakulia. Alijiona kama mtu aliyeokota kisu chake mwenyewe mahali pa tukio.

Siku iliyofuata baba yao, Mzee Yonasi, alipiga simu kutoka Iyula. Clement alikuwa ameshamtuma mshenga, Mzee Yesaya, mtu yuleyule aliyekwenda kuposa. Kikao kingekaa Jumanne ijayo. Mke alitakiwa kurudi.

"Amevunjwa taya, baba."

"Mwenzake anasema aliteleza. Na karatasi ya hospitali inasema aliteleza."

"Mimi nakwambia alipigwa!"

"Uliona?"

"Sikuona."

"Nani aliona, Restuta? Nitawaambia nini wazee wa watu? Ya chumbani hayana shahidi." Mzee alishusha pumzi. "Nikikosa la kuwaambia, atarudi. Sisi siyo watu wa kuvunja nyumba za wenzetu kwa maneno matupu."

Mercy, kitandani, alikuwa amesikia yote. "Nikirudi," alisema kupitia waya, "safari hii ataniua. Atasema niliteleza."

*

Jumapili baada ya ibada banda lilijaa. Clement alikuja. Alikaa benchi la mbele, kalamu mbili mfukoni, kana kwamba wiki ile haikumpitia.

"Shemeji! Tunaletewa nini leo? Mgonjwa wako hajambo?"

"Anaendelea," Restuta alisema. Alisimama mbele ya skrini, na kwa mara ya kwanza hakuanza na mzaha.

"Hii imetoka milimani huko, Asia. Aliyeipiga hana kampuni. Mwanamke mnayemwona ni jirani yake, siyo mwigizaji. Haina muziki, hakuna anayeruka, gari ni moja na ni bovu. Mimi naona ndiyo filamu yenye vita kuliko zote nilizowahi kuwaonyesha. Msiponiamini mtaniambia mwishoni."

"Mahubiri!" Clement akatangaza, na banda likacheka.

Restuta aliingia kibandani, akashusha gunia, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Filamu ilimhusu mwanamke mfuma zulia na mume wake. Robo saa ya kwanza watu walinung'unika, mtu akaomba arudishiwe kiingilio chake, Mama Ngusa akamjibu kwa Kisukuma. Kisha wakatulia. Restuta alitafsiri polepole, bila kutia chumvi. Mume aliingia. Aliuliza kwa nini zulia halijaisha. Akavua mkanda.

Mkanda ulishuka. Restuta akafunga mdomo wake.

Hapakuwa na muziki wa kuficha kitu. Kilichosikika ni ngozi na nyama, na pumzi ya mwanamke inayokatika. Ukashuka tena. Mtu nyuma akaguna kwa kutoridhika. "Restuta! Umelala? Toa ile!"

"Toa ile! Toa ile!" wakadakia wengine, lakini sauti zao hazikuwa na nguvu ya siku zote.

Akanyamaza.

Ndipo Clement aliposimama akainua mkono kama kiongozi wa kwaya. "Basi nitawasaidia mimi! Pokea mzigo!" Mkanda ukashuka. "Weka saini!"

Kicheko kikarudi, kikubwa, cha watu waliookolewa.

Restuta akasogeza kipaza sauti mdomoni. Kwenye skrini mwanamke alikuwa ameinuka, anafuta uso, anasema maneno machache kwa lugha yake. Restuta hakuyatafsiri. Aliweka mengine.

"Nilikuwa nakaanga dagaa," alisema kwa sauti ya mwanamke yule. "Ilikuwa Jumanne. Ulisema nimechelewa. Taya la kushoto, Clement. Hospitali niliandika niliteleza bafuni."

Alisikia benchi la mbele likianguka. Hatua nne. Gunia likavutwa na Clement akajaa mlangoni mwa kibanda, na uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa mtulivu, wa mtu anayekwenda kukagua kazi. Mercy hakuwahi kumsimulia kuhusu utulivu ule.

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Restuta alisikia jino likivunjika ndani ya kichwa chake, sauti kavu kama ya kijiti. Akaanguka kwenye plaiwudi, damu ikamjaa kooni. Gunia lilikuwa limejirudia mahali pake. Walikuwa wawili tu, yeye na shemeji yake, na ile taa nyekundu juu ya meza.

Aliiona. Mkono wake ulitaka kuziba uso, kama mkono wowote ungetaka. Akauzuia. Akakishika kipaza sauti kwa mikono yote miwili, akakikumbatia kifuani.

"Mdogo wako nilimfunga mdomo," Clement alisema, bila kupaza, "na wewe nitakufunga. Pokea mzigo." Teke la mbavu. "Mnajiona mna maneno. Weka saini." Ngumi nyingine, juu ya jicho. "Weka saini!"

Spika zilibeba yote. Na nje, watu walicheka.

Walicheka kwa kuwa hawakuona kitu ila gunia. Walicheka kwa kuwa sauti ya kishindo ilikuwa safi kuliko siku zote, na vilio vya Restuta vilikuwa vya kweli kabisa, na mtu mmoja akapaza sauti, "Leo Restuta ameamua! Leo kapania!" Alisikia wakipiga mabenchi. Clement alikuwa amepiga goti juu ya mkono wake, na kwa kila pigo nje waliitikia, wote pamoja: Pokea mzigo! Alijaribu kuita jina la Mama Ngusa, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu na ikatoka kama mlio wa mnyama, nao wakaushangilia.

Ambwene, aliyeileta filamu ile kwenye flashi yake, ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Jamani," Restuta alimsikia akisema. "Jamani, tulieni. Mbona yule mama kwenye filamu anasokota nyuzi tu?"

Vicheko vikapungua kidogo.

"Mtazameni. Amekaa. Hakuna anayempiga." Sauti ya Ambwene ikapanda. "Sasa anayepigwa ni nani?"

Kwa muda wa pumzi mbili, tatu, banda lilitazama mwanamke akisokota nyuzi na kusikiliza mtu akipigwa.

Kisha gunia likang'oka na misumari yake. Mama Ngusa alisimama pale na komeo la chuma. Alilishusha kwenye bega la Clement, na mfupa ukalia. Akalishusha tena kwenye goti, na Clement akapiga yowe la kwanza la siku hiyo lililokuwa lake.

Wakamvuta nje kwa kola. Wale waliokuwa wakicheka ndio waliokuwa na hasira kuliko wote. Walimkanyaga kati ya mabenchi, wapagazi kwa madereva, viatu na magongo, shati likachanika, kalamu zikavunjika na wino ukachanganyika na damu sakafuni. Mtu akaleta tofali. Na kutoka katikati ya mrundikano ule Restuta, aliyekuwa ametambaa mpaka mlangoni mwa kibanda, akasikia kijana mmoja akipiga kelele kwa furaha kila alipoinua mguu:

"Pokea mzigo! Weka saini!"

Alijaribu kusema acheni. Mdomo haukutii. Akakigonga kipaza sauti sakafuni, mara tatu, nne, spika zikanguruma mpaka watu wakaziba masikio, na katika nafasi hiyo Mama Ngusa akaingia kati, akasimama juu ya Clement na miguu yake miwili mipana, komeo juu.

"Atakayempiga tena atanipiga mimi. Mlikuwa wapi mlipokuwa mnacheka?"

Aliyeshika tofali akaliweka chini taratibu, kama yai.

*

Jumanne wazee walikaa Iyula, uani kwa Mzee Yonasi, kando ya vichanja vya kahawa. Clement aliletwa na ndugu zake kutoka Tunduma, ametoka polisi kwa dhamana, mkono shingoni. Mercy alikaa mkekani. Restuta alikaa pembeni yake, mdomo umeshonwa nyuzi saba, jicho moja limefunga. Wa kumsemea mdogo wake alikuwa yeye, na hakuweza kutamka zaidi ya maneno machache.

Mzee Yesaya alisafisha koo. Alisema kwa adabu, kwa mzunguko mrefu. Mambo ya Jumapili yana polisi wake, wayaachie polisi. Kijana alichokozwa mbele ya watu, nani asingechemka? Kikao hiki ni cha ndoa. Na katika ndoa hakuna aliyeona kitu. Mke mwenyewe aliandika kwa mkono wake kwamba aliteleza. "Tumekuja kumchukua mwenzetu kwa amani, Mzee Yonasi."

Baba alitazama mikono yake. Alikuwa mtu wa haki na alitaka kitu cha kushika.

Restuta akafungua kompyuta juu ya kigoda.

Waliisikia yote. Wazee sita wakiwa na vikombe vya chai walisikia dagaa na Jumanne, walisikia benchi likianguka, jino likivunjika. Walisikia sauti tulivu ya Clement: mdogo wako nilimfunga mdomo. Mmoja wa ndugu zake akainuka akaenda kusimama barabarani. Clement alikuwa akitazama vichanja vya kahawa, anazihesabu punje, au anajifanya.

Lakini kilichomshika Mzee Yonasi kilikuwa kingine. Aliinama karibu na kompyuta, sikio mbele.

"Hao wanaocheka ni akina nani?"

"Watu," Restuta alisema kupitia nyuzi. "Watu tu, baba."

Mzee alisikiliza mpaka kicheko kilipokwisha, na hakikuisha mapema. Kisha akanyooka.

"Bwana Yesaya, maliza chai yako. Mwanangu haondoki hapa. Mkitaka mahari yenu, njooni siku nyingine tuzungumze mahari. Huyu hapana."

Mzee Yesaya akaweka kikombe chini. Wakaondoka, Clement akichechemea nyuma yao, na hakuna aliyewasindikiza hadi njiani.

Restuta akanyoosha mkono kuifunga kompyuta. Mercy akamshika kifundo.

"Bado, dada."

"Imekwisha."

"Weka ile ya kwanza. Ile ya Kikorea." Maneno yalipita kwenye waya moja moja. "Wazee wasikie ilikoanzia."

Restuta alitikisa kichwa. Mercy hakumwachia. Hakuwa na chuki machoni, na ingekuwa nafuu kama ingekuwapo. Baba yao alikuwa amesimama, hajui kinachoendelea, na wazee waliobaki walikuwa wamegeuza viti.

Akaitafuta. Ilikuwa mahali pake, kati ya nyingine mia mbili. Akabonyeza.

Makofi mawili. Sauti yake mwenyewe ikatoka, nzima, yenye meno yote, tamu: pokea mzigo, weka saini. Na kabla ya banda kucheka, kabla ya wapagazi na yule dereva aliyekwenda kukohoa, kikasikika kicheko kimoja, karibu kabisa na kipaza sauti, cha mwanamke aliyefurahia alichokitunga.

Mercy hakuwatazama wazee. Alimtazama yeye, mpaka rekodi ikaisha.